Siti binti Saad: Muuza vyungu wa Fumba aliyevuka bahari na fidla

Mwanamke anayeteremka alfajiri kutoka Mudende na gunia lake la viazi, akapita Gisenyi hadi mpaka mdogo wa Goma, hana muda wa kuchagua lugha. Nyumbani ameamka na Kinyarwanda. Akifungua gunia upande wa pili, bei inatajwa kwa Kiswahili, punguzo linaombwa kwa Kiswahili, na ugomvi wa mizani nao unamalizwa kwa Kiswahili hicho hicho. Wengi hawakukisoma darasani. Wamekiokota njiani, kama wachuuzi wa Afrika Mashariki walivyokiokota tangu zama za misafara.

Karibu miaka 100 iliyopita mchuuzi mwingine wa kike, naye mwenda kwa miguu, alikichukua Kiswahili cha namna hiyo, cha sokoni na uani, akakipandisha meli hadi Bombay na kukitia ndani ya sahani za santuri. Huyo ni Siti binti Saad wa Unguja. Jina lake linajulikana na wengi. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mfanyabiashara mdogo, tena wa bidhaa mbaya kuliko zote kwa msafiri: vyungu vya udongo.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake ya Uzigua. Walikuwa watu wenye asili ya bara, na utumwa ndio uliowafungamanisha na kisiwa hicho. Mtoto wao walimwita Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria hadi 1897, wakati binti huyo ana miaka 17 hivi. Jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu ni bibi wa heshima, alilipata baadaye sana, watu walipokwisha kumjua kwa sauti yake.

Mama yake alikuwa mfinyanzi, na kazi ya kutembeza vyungu ikamwangukia binti. Anayebeba nyanya au mayai kuvuka mpaka anaielewa biashara hiyo bila kuelezwa. Chungu ni kizito, faida yake ni ndogo, na kikidondoka mtaji umekwisha. Kutoka Fumba hadi mjini ni karibu kilomita 20. Siti alikuwa akienda na mzigo kichwani, akipita mitaa kwa mitaa na kunadi kwa sauti ili walio ndani ya nyumba wasikie na kufungua milango. Husimuliwa kwamba sauti hiyo ya kunadi ilifika mbali kabla mwenyewe hajaonekana, na waliomsikia walijua ni yeye. Shule ya uimbaji hakuipata. Hakujua kusoma wala kuandika. Mazoezi yake ya kwanza ya pumzi yalikuwa barabarani, chini ya vyungu.

Mwaka 1911 aliacha kurudi Fumba na kuhamia mjini moja kwa moja. Uamuzi huo wahamiaji wa leo wanaufahamu: kijijini umaskini unaujua, mjini hujui utapata nini. Alichopata ni mwalimu. Ali Muhsin, mwanachama wa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, alimsikia, akaona hazina, akaanza kumfundisha kuimba na kufuata ala.

Hapa inabidi kusimama kidogo, kwa sababu muziki aliokuwa anaingizwa ndani yake haukuwa wa watu kama yeye. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Kimisri katika jumba lake na kumpeleka Muhammad bin Ibrahim Cairo kujifunza kupiga kanuni. Baada ya hapo, mwaka 1905, vijana wa mjini walianzisha Ikhwani Safaa. Kilikuwa chama cha wanaume, waliimba kwa Kiarabu, na wasikilizaji wao walikuwa watu wa nasaba na mali. Mwanamke wa asili ya utumwa kutoka shamba, asiyejua kusoma, hakuwa na mlango wa kuingilia humo. Siti aliingia kwa sababu sauti yake ilikuwa bora kuliko za waliomzuia. Sababu nyingine hakuwa nayo.

FIDLA BILA PIANO

Katika ala zilizomsindikiza, udi ulishika nafasi ya kwanza, na pembeni yake ilikaa fidla. Ni fidla ile ile iliyotengenezwa Ulaya, yenye nyuzi nne na upinde, iliyofika Unguja kwa njia ya Misri. Ila ikiwa mikononi mwa mpigaji wa taarabu nyuzi zake hufungwa kwa mlio mwingine, ule wa Kiarabu, na kazi yake huwa ni kumfuata mwimbaji hatua kwa hatua, ikirudia aliyoyasema na kujaza pale anapovuta pumzi.

Ulaya miaka hiyo fidla ilikuwa na mwenzi mwingine. Muziki wa vyumbani, unaopigwa na watu wachache mbele ya wasikilizaji wachache, mara nyingi uliwakutanisha mpiga fidla na mpiga piano. Claude Debussy wa Ufaransa alitunga sonata ya ala hizo mbili mwaka 1917, na mwaka 1929 Wafaransa wenzake, Jacques Thibaud kwa fidla na Alfred Cortot kwa piano, waliirekodi. Kampuni iliyowarekodi ni ile ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri, His Master's Voice. Mwaka mmoja kabla yao, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imemrekodi muuza vyungu wa Fumba.

Piano haikupata nafasi katika kundi la Siti, na sababu ni ya kiufundi. Kila kibonye cha piano kina mlio wake uliokwisha kupimwa, wala hakuna mlio kati ya kibonye na kibonye. Nyimbo zenye asili ya Kiarabu huhitaji milio hiyo ya katikati. Kidole cha mpiga fidla kinateleza juu ya uzi na kuipata, na udi nao hauna vizuizi shingoni. Kwa hiyo fidla ilivuka kutoka muziki mmoja hadi mwingine bila shida, huku piano ikibaki Ulaya na kwenye nyumba za wakubwa wa kikoloni.

Wenzake Siti walikuwa watu wa hali kama yake: Subeti Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsamu ambaye alikuwa kipofu, na Maalim Shaaban. Walikutana kwake Ng'ambo, upande wa mji walikoishi mafundi, wachukuzi, wavuvi na vibarua. Jioni wakifanya mazoezi, majirani walikuja kukaa na kusikiliza, na habari za mchana zikazungumzwa hapo. Humo ndimo nyimbo zilimotungwa: mtu analeta kisa, mwingine anakitia vina, mwingine anatafuta mahadhi.

Siti aliimba pia kwa Kiarabu, na aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub. Lakini lugha aliyoitegemea ilikuwa Kiswahili, na si Kiswahili cha kupambwa. Kabla yake taarabu ya jumba ilikuwa inasikilizwa na wengi wasioelewa maneno yake. Baada yake ikawa inaeleweka na mpishi na bwana wake kwa pamoja, na pengine mpishi akaelewa zaidi.

SAFARI YA BOMBAY

Machi 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay, safari ya zaidi ya kilomita 4,000 juu ya Bahari ya Hindi. Njia hiyo ilikuwa ya zamani. Majahazi yaliifuata kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi yakibeba karafuu, pembe, nguo na mchele. Safari hii shehena ilikuwa sauti. Mawakala wa kampuni waliokuwa wakiuza santuri Afrika Mashariki walikuwa na tatizo ambalo mfanyabiashara yeyote angelitambua: mashine wanazo, wateja wapo, lakini bidhaa ya kuchezwa ndani ya mashine ni ya Kiarabu, Kihindi na Kiingereza. Mwenye kusikiliza kwa Kiswahili hakuwa na cha kununua.

Ufundi wa kunasa sauti kwa umeme ulikuwa bado mpya, haujafikisha hata miaka mitano. Wanamuziki hawakulazimika tena kujibana mbele ya pembe kubwa la bati. Maikrofoni iliweza kuikamata fidla na udi kwa pamoja na sauti ya mwimbaji. Hata hivyo sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Aliyekosea katikati hakuweza kusahihisha. Ilibidi waanze upya kwa nta nyingine.

Kikwazo kikubwa kilikuwa muda. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ulibeba dakika tatu hivi. Taarabu ya Ng'ambo haikuwa na haraka hiyo, wimbo uliweza kuendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka. Huko Bombay ilibidi upunguzwe: beti chache, fidla ifungue kwa ufupi, kiitikio kisirudiwe sana. Sonata ya Debussy nayo haikuponea. Ilikatwa vipande ili ienee kwenye pande kadhaa za sahani. Anayekerwa kwamba nyimbo za siku hizi ni fupi ajue kwamba ufupi huo ulianza na bidhaa iliyobeba wimbo.

Sahani zenyewe zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wanaopatikana India, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito na zilivunjika kirahisi. Siti alikuwa ametoka kwenye vyungu akaingia kwenye bidhaa nyingine isiyotaka kudondoshwa, ingawa safari hii mzigo ulibebwa na watu wengine.

Biashara ilikwenda vizuri kuliko kampuni ilivyotarajia. Maelfu ya sahani yaliuzwa kwa muda mfupi, Siti na kundi lake wakarekodi tena, na makumi kwa makumi ya nyimbo zikapatikana. Kampuni nyingine za sahani zilipoona hivyo nazo zikaingia katika soko la Kiswahili. Kabla ya 1928 hakukuwa na ushahidi sokoni kwamba watu wa Afrika Mashariki wangelipa fedha kusikiliza lugha yao. Baada ya hapo ushahidi ulikuwepo, na kila aliyerekodi kwa Kiswahili tangu wakati huo amepita njia iliyofunguliwa na safari hiyo.

Sahani zilisafiri kama bidhaa nyingine zinavyosafiri, kutoka bandarini kwenda madukani, kutoka madukani kwenda kwenye migahawa na nyumba zenye santuri ya kuzungushwa kwa mkono. Mmiliki wa mgahawa mwenye santuri moja aliwasikilizisha watu wengi kwa sahani moja. Unguja malipo yalikuwa kwa rupia, ambayo ilitumika huko hadi mwisho wa 1935. Mombasa, Kampala na Dar es Salaam walilipa kwa shilingi ya Afrika Mashariki. Huku Ruanda-Urundi na Kongo, chini ya Wabelgiji, fedha ilikuwa faranga. Gisenyi, ambayo hadi 1916 ilikuwa koloni moja na Dar es Salaam chini ya Wajerumani, ilikuwa imekatwa kwa mpaka mpya. Kiswahili cha askari na wachuuzi wa enzi ya Wajerumani hakikuondoka na Wajerumani. Kilibaki sokoni, na kilikuwa huko miongo mingi kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017.

KIJITI NA WANAWAKE WALIOTOA USHAHIDI

Sehemu kubwa ya nyimbo zake zilikuwa za mapenzi, kama ilivyo desturi ya taarabu. Lakini zilizomjengea heshima Ng'ambo ni zile za kesi. Moja ilimhusu mtu mwenye cheo aliyewadhulumu wanyonge na kuishia kifungoni, na wasikilizaji hawakuhitaji kuambiwa ni nani. Nyingine, inayojulikana kwa jina la Kijiti, ndiyo nzito kuliko zote.

Kisa kama wimbo unavyokisimulia ni hiki. Mwanamke mgeni kutoka bara alikwenda Unguja kutembea. Wenyeji wake wa kike wakatoka naye kwenda kustarehe pamoja na wanaume, Kijiti akiwa mmoja wao. Mgeni huyo akauawa. Kijiti akavuka bahari, akatokomea bara, ambako serikali ilikuwa nyingine. Wanawake wawili waliokuwa na marehemu walikwenda kutoa ushahidi, na mahakama ya kikoloni, badala ya kuhangaika na muuaji aliyevuka, ikawashika wao kwa sababu ya pombe iliyonywewa siku hiyo. Wakaadhibiwa walioleta habari, na aliyeua akawa huru upande wa pili wa maji.

Mfanyabiashara wa mpakani haoni ajabu katika kisa hicho. Mwenye hatia akishavuka, mkono unamwangukia aliyebaki, na aliyebaki mara nyingi ni mwanamke asiye na mtu wa kumsemea. Siti hakuwa wakili wala mwandishi wa habari. Alikuwa na dakika tatu za sahani. Alizitumia kuwataja watu na kueleza hukumu ilivyokuwa, na sahani ile ikaenda hadi huko huko bara alikokimbilia mtuhumiwa. Yapo magazeti ya wakati ule ambayo hayakufanya hata nusu ya hilo.

Haikosi kwamba alipata maadui. Wapo waliotunga wimbo wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki yake, hana lolote, na kumuuliza amekuwa mtu tangu lini. Aliwajibu kwa wimbo pia, akipuuza suala la sura na nasaba na kuweka mbele akili na tabia. Majibizano hayo bado yanakumbukwa Unguja, na wengi wanaoyakumbuka wanaukumbuka upande wake. Alipoimba hadharani alijifunika kama wanawake wa heshima wa mji walivyojifunika. Kwa mwanamke aliyezaliwa na jina la Mtumwa, vazi hilo lilikuwa na maana yake, maana zamani wanawake watumwa hawakuruhusiwa kujifunika mbele ya waungwana.

Neema ya sahani haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mdororo wa uchumi ulienea duniani, bei ya karafuu ikaanguka, na santuri ikawa anasa. Kampuni zilipunguza kurekodi. Faida kubwa ya sauti yake ilikuwa imekwisha kwenda zilikokwenda faida za karafuu, nje ya kisiwa. Siti aliendelea kuimba kwenye harusi na katika mikusanyiko, kazi ambayo haikutegemea kiwanda cha mtu. Miongoni mwa wasichana waliomsikiliza na kujifunza kwa kumwiga alikuwa Fatuma binti Baraka, aliyekuja kuitwa Bi Kidude, ambaye aliendelea kuziimba nyimbo hizo majukwaani hadi uzeeni na kufariki dunia mwaka 2013.

Siti alifariki Julai 1950, akiwa na miaka 70 hivi. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezungumza na Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliyeandika kitabu cha maisha yake kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti.

Shaaban Robert, kabla ya sifa zote za ushairi, alikuwa karani wa forodha. Aliingia idara hiyo mwaka 1926 na kukaa humo hadi 1944, sehemu ya muda huo akiwa Pangani, akiandika kinachoingia na kinachotoka. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo sahani za Siti zilikuwa zinavuka kutoka Unguja kwenda bara, zikilipiwa ushuru kwa makarani kama yeye.